WESE LILIKUWA RAHISI KWELI ENZI ZILE? Bei ya petroli Bongo kuanzia zama za foleni mpaka buku tatu, na namna ya kupiga hesabu mwenyewe



Juzi nilikuwa kwenye daladala natoka Gongo la Mboto. Konda kapita kukusanya nauli, mzee mmoja aliyekaa dirishani akatoa hela yake shingo upande, kisha akaanza: "Nyie watoto mmeikuta nchi imeshachoka. Enzi zetu unajaza tanki zima na chenji ya soda inarudi!" Gari zima likacheka. Konda naye hakumwacha: "Mzee, tupeleke basi kwenye hizo enzi, nauli leo nakusamehe."

Kila mtu ana mzee wa namna hii nyumbani kwao. Na kila bei ya mafuta inapotangazwa, huko mitandaoni lazima atokee mtu wa kukumbusha kwamba kuna mwaka lita moja ilikuwa bei ya kutupa. Sasa swali langu ni dogo tu: ilikuwa rahisi KWELI, au namba ndiyo ilikuwa ndogo? Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na ukiyachanganya utapigwa kila siku, na wauza mafuta, na wanasiasa, hata na mzee wako.

Nimekusanya hapa historia kwa kifupi pamoja na mahesabu. Isome taratibu, ikikushinda muda, i-print ukasome nyumbani.

TUANZE NA SHILINGI YENYEWE

Shilingi ya Tanzania ilianza kutumika mwaka 1966. Wakati huo dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi 7 na senti 14 hivi. Mwaka 1985 dola ilikuwa kama shilingi 17. Mwaka 1990 ikawa karibu 200. Mwaka 2000 kama 800. Kufika 2023 dola moja ilikuwa inachezea shilingi 2,500.

Gawanya 2,500 kwa 7.14. Unapata 350. Yaani shilingi iliyonunua kitu kutoka nje mwaka 1966, kitu hicho hicho kwa dola zile zile mwaka 2023 kingehitaji shilingi 350. Na hapo hatujagusa kwamba dola yenyewe nayo imepungua nguvu.

Ndiyo maana bei YOYOTE ya zamani kwa shilingi inasikika kama utani. Soda, kilo ya sukari, kodi ya chumba Kariakoo, vyote. Mzee akitaja bei ya petroli ya ujana wake hasemi uongo, ila na mshahara wake wa ujana nao ulikuwa wa kuchekesha. Hiyo sehemu ya pili huwa hawaitaji!

Kwa wasiofahamu: mfumuko wa bei ni kasi ya kupanda kwa bei za vitu kwa ujumla. Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) inalo kapu la bidhaa na huduma ambazo watu hununua, kuanzia unga, nguo, kodi ya nyumba mpaka nauli. Kila mwezi wanaangalia kapu zima linagharimu kiasi gani, wanalinganisha na mwezi kama huo mwaka uliopita. Wakisema mfumuko ni asilimia 5 maana yake kapu la laki moja sasa ni laki na elfu tano. Ukiona mfumuko "umeshuka" usidhani bei zimeshuka. Bei bado zinapanda, ila kwa mwendo wa taratibu zaidi.

BEI RAHISI, LAKINI MAFUTA YENYEWE HAKUNA

Tuwape wazee haki yao kwanza. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipobana mafuta, dunia nzima ilitikisika. Mwaka 1979, baada ya mapinduzi ya Iran, bei ikaruka tena, na sisi mwaka huo huo tukawa tunamalizana na Idi Amin. Fedha za kigeni zikakauka.

Matokeo yake, mwanzoni mwa miaka ya 80 petroli ilikuwa na bei ya serikali, iko chini, iko kwenye karatasi. Kuipata sasa ndiyo shughuli. Foleni kituoni, vibali, na Jumapili mchana magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea barabarani ili kubana matumizi. Muulize mzee wako kuhusu hizo Jumapili, atakusimulia jinsi watu walivyokuwa wanatembea kwa miguu kutoka harusini.

Hapo pana somo la kwanza. Bei ndogo ya kitu kisichopatikana siyo bei. Ukikaa foleni nusu siku, au ukanunua kwa mlango wa nyuma, umelipa, ila malipo hayo hayaandikwi popote. Hata jina daladala lina historia yake hapo: usafiri wa umma ulikuwa taabu, watu binafsi wakaingia na vigari vyao, nauli shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano mtaani ikiitwa "dala".

Miaka hiyo ya 80 mfumuko wa bei ulikuwa unazunguka asilimia 30 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo bei ya kitu inakuwa mara mbili chini ya miaka mitatu. Hizo ndizo "enzi rahisi" tunazoambiwa.

SOKO HURIA, KISHA EWURA

Zamani mafuta ghafi yalikuwa yanaletwa na kusafishwa hapa hapa, kwenye kiwanda cha TIPER kule Kigamboni kilichojengwa miaka ya 60 kwa ubia na Waitaliano. Mwaka 2000 biashara ya mafuta ikafunguliwa, kampuni binafsi zikawa zinaagiza petroli iliyokwisha safishwa, TIPER ikabaki maghala. Bei ikawa ni makubaliano ya muuzaji na soko.

Halafu ukaja mwaka 2008. Mwezi Julai pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147, rekodi ya dunia. Kufika Desemba mwaka huo huo lilikuwa limeporomoka chini ya dola 45. Huku kwetu kilio kikawa kimoja: dunia ikipanda, sheli inapanda usiku huo huo, dunia ikishuka, sheli inakuwa haina habari. Januari 2009 ndipo EWURA ikaanza kutangaza bei kikomo, yaani bei ambayo muuzaji haruhusiwi kuizidi. Kushusha chini yake ruksa.

Siku hizi bei hizo hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Na jambo ambalo wengi hawalijui: bei ya mwezi huu haitokani na soko la dunia la wiki hii. Inatokana na mafuta yaliyonunuliwa nyuma, kama miezi miwili iliyopita, yakapakiwa, yakasafiri, yakashushwa. Kwa hiyo ukisikia kwenye habari pipa limeshuka leo, usiende sheli kesho asubuhi ukaanza kugombana na wahudumu.

Sasa tuangalie vituo vitatu ambavyo ndivyo vinabeba hadithi yote. Namba zote ni za petroli, Dar es Salaam.

KITUO CHA KWANZA: AGOSTI 2011, SHILINGI 2,004

Mjomba wangu alikuwa anaendesha taksi, kijiwe chake uwanja wa ndege. Alikuwa na daftari la shule, lile la kurasa 96, anaandika kila siku: tarehe, lita, hela ya mafuta, hesabu ya tajiri, na kilichobaki. Amefanya hivyo miaka na miaka. Nimelipitia lote kwa ajili ya makala hii, na wiki ya kwanza ya Agosti 2011 kuna kurasa mbili hazina kitu. Kaandika neno moja tu, kwa kalamu nyekundu: HAKUNA.

Wenye kumbukumbu mnakumbuka. EWURA ilipunguza bei kwa karibu asilimia 9, petroli ikatakiwa kuuzwa shilingi 2,004. Wauzaji wakasema wanapata hasara, vituo vikafungwa, vingine vikaandika "hakuna mafuta" huku kila mtu akijua yapo. Foleni za madumu, bodaboda zimelala, Bunge kule Dodoma likawaka moto. Serikali ikatoa amri, kampuni moja kubwa ikafungiwa leseni miezi mitatu. Kisha katikati ya mwezi bei ikaongezwa kwa kama shilingi mia, na wananchi wakabaki wanaulizana nani hasa kashinda.

Kutokana na vurugu za namna ile ndipo uagizaji wa pamoja ukaanza rasmi kufanya kazi mwaka 2012: badala ya kila kampuni kuleta meli yake, zinashindanishwa, meli kubwa inaleta mafuta ya wote.

KITUO CHA PILI: JUNI 2020, KAMA SHILINGI 1,520

Miaka tisa baadaye, na bei iko CHINI ya ile ya 2011 kwa karibu shilingi mia tano. Umeona maajabu?

Sababu ni korona. Ndege zilikaa chini, viwanda vya dunia vikapunguza kazi, mafuta yakakosa mnunuzi. Tarehe 20 Aprili 2020 mafuta ya Marekani yaliuzwa chini ya sifuri, yaani mwenye mafuta anakulipa wewe uyachukue kwa sababu hana pa kuyaweka. Haijawahi kutokea kabla ya hapo. Mafuta ya bei hizo yalipotufikia, ndiyo ikawa bei yetu ya Juni.

Nani alifurahia? Daftari la mjomba linasema hivi: mafuta rahisi kuliko miaka yote, abiria hakuna. Ndege za kimataifa zilisimama tangu katikati ya Aprili mpaka katikati ya Mei, na hata zilipofunguliwa watalii hawakuja. "Nilikuwa najaza tanki nakaa nalo kijiweni, mpwa wangu," aliniambia. "Wese ninalo, safari sina."

KITUO CHA TATU: AGOSTI 2022, SHILINGI 3,410

Urusi ikaivamia Ukraine Februari 2022 na dunia ikapanda tena. Bei ikapita buku tatu. Mwezi Mei petroli ilikuwa 3,148. Serikali ikaanza kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, Juni ikashuka kidogo mpaka 2,994, Julai 3,220, halafu Agosti ikafika 3,410 pamoja na hiyo ruzuku. Septemba ikateremka mpaka 2,969. Mwaka uliofuata ikapanda tena, Oktoba 2023 ilikuwa 3,281, safari hii dola zenyewe zikiwa adimu benki.

Na kodi nazo usizisahau. Julai 2021 iliongezwa tozo ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, tukaambiwa ni ya barabara za vijijini. Julai 2023 ikaongezwa 100 nyingine, ya miradi ya kimkakati. Hizo mia mbili hazijali pipa limepanda au limeshuka huko duniani. Zipo tu.

HAYA SASA, HESABU

Tuna namba tatu: 2,004, halafu 1,520, halafu 3,410. Kwa macho ya kawaida, 2022 ndiyo tulinyongwa na 2011 tulikuwa peponi. Tuzipime.

Kipimo cha kwanza: KAPU. Ukichukua mfumuko wa kila mwaka uliotangazwa na kuuzidisha mmoja baada ya mwingine, toka 2011 mpaka 2022 bei za vitu kwa ujumla zilipanda kama mara 1.8. Miaka mibaya ilikuwa 2011 na 2012 wenyewe, mfumuko ulizidi asilimia 10. Baadaye ukatulia kwenye asilimia 3 mpaka 6. Sasa zidisha 2,004 kwa 1.8. Inakuja kama shilingi 3,600.

Soma tena hapo. Shilingi 2,004 ya Agosti 2011 ilikuwa na uzito wa shilingi 3,600 za mwaka 2022. Kwa hiyo ile 3,410 iliyotutoa machozi, kwa kipimo cha kapu, ilikuwa CHINI kidogo ya "bei nzuri ya zamani" ya 2011. Na kumbuka 2011 hapakuwa na ruzuku.

Je, 1,520 ya mwaka 2020? Ukiirudisha kwenye hela ya 2011 ni kama shilingi 900. Chini ya nusu! Hiyo ndiyo petroli rahisi ya kweli, wadau. Siyo ya enzi za mzee wa dirishani. Ilikuwa juzi tu, mikononi mwetu, na karibu hakuna anayeikumbuka kwa sababu hatukuwa na pa kwenda.

Kipimo cha pili: MSHAHARA. Kima cha chini cha mtumishi wa serikali mwaka 2011 kilikuwa kama 150,000. Mwaka 2020 kilikuwa 300,000. Julai 2022 kikapandishwa mpaka 370,000. Gawanya kwa bei ya lita:

- Agosti 2011: lita 75
- Juni 2020: lita 197
- Agosti 2022: lita 108

Unaona? Hata kwenye mwezi ule mbaya wa 2022, mfanyakazi wa chini kabisa serikalini alikuwa anaweza kununua mafuta mengi zaidi kuliko mwenzake wa 2011.

Lakini ngoja kwanza kabla hujanirushia mawe. Hicho ni kipimo cha mtu mwenye barua ya ajira na mshahara unaosomeka kwenye gazeti la serikali. Wewe unayebeba mizigo Kariakoo, unayeuza vocha, unayesubiri simu ya "njoo uanze kazi" miaka miwili sasa, mshahara wako ni upi? Tia kipato chako cha 2020 hapo, kigawe kwa 1,520. Kisha kipato chako cha 2022, kigawe kwa 3,410. Kama hela yako haikusogea, ulipoteza zaidi ya nusu ya lita zako ndani ya miaka miwili. Hayo ndiyo maumivu halisi, na hayaonekani kwenye wastani wa mtu yeyote.

Na mfanyakazi huyo huyo wa serikali, angalia: toka lita 197 mpaka 108. Kwa hiyo aliyelia 2022 hakuwa mwongo. Alikuwa anajilinganisha na juzi, mzee anajilinganisha na ujana wake. Kila mmoja amechagua mwaka unaomfaa.

Kipimo cha tatu: DOLA. Sisi petroli hatuchimbi, tunainunua kwa dola. Agosti 2011 dola moja ilikuwa kama shilingi 1,600. Mwaka 2022 ilikuwa kama 2,300. Kwa hiyo hata kama pipa lingebaki bei ile ile moja miaka kumi na moja, sisi tungelipa zaidi kwa asilimia zaidi ya 40 kwa sababu ya shilingi peke yake. Mtu akikuambia "tatizo ni soko la dunia", mwambie sawa, ila ni nusu ya habari.

MAFUTA YA TAA: HAPA MZEE ANA HAKI

Nisije nikaonekana natetea sheli. Kuna mafuta ambayo kweli yalikuwa rahisi na yakaacha kuwa rahisi kwa uamuzi wa watu, siyo wa dunia. Ni mafuta ya taa.

Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo, kwa kuwa ndiyo mwanga wa mnyonge. Koroboi, chemli, jiko la mchina. Ikawa ni tofauti kubwa ya bei kati yake na dizeli, na wajanja wakaitumia: wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli, wanauza kama dizeli, injini za watu zinakufa. EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwakamata. Haikutosha. Bajeti ya Juni 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa toka shilingi 52 mpaka 400 kwa lita, ili kuua faida ya uchakachuaji.

Uchakachuaji ulipungua, hilo nalikubali. Ila aliyelipa bili ni bibi wa kijijini aliyekuwa ananunua kibaba cha mafuta kwa ajili ya mjukuu asome usiku. Yeye hajawahi kuchakachua hata tone. Bibi wa namna hiyo akikwambia "zamani mafuta yalikuwa rahisi", usimpigie hesabu za kapu. Amesema kweli tupu.

NAULI HAISHUKI, LAKINI...

Turudi kwenye daladala letu. Nauli ya Dar kwa safari fupi isiyozidi kilomita 10 imekwenda hivi: mwaka 2013 ilitoka 300 ikawa 400. Mwaka 2022 ikawa 500, yaani jero. Desemba 2023 ikawa 600.

Mafuta yalipoporomoka 2020, nauli iliguswa? Hata senti. Hapo ndipo watu tunapopata hasira: mafuta yakipanda ni sababu ya nauli kupanda, yakishuka siyo sababu ya kitu chochote.

Wenye magari wana jibu lao, na tuliweke mezani. Wese ni sehemu tu ya gharama. Kuna tairi, spea, bima, marejesho ya mkopo, konda na dereva wanakula humo humo. Na ukiipima ile 400 ya mwaka 2013 kwa kapu, mwaka 2023 ilikuwa na uzito wa kama 600. Ndiyo ile ile! Kwa miaka tisa nauli ilikaa palepale huku kila kitu kinapanda, maana yake kimya kimya ilikuwa inashuka thamani, kisha ikafidiwa kwa mikupuo miwili. Mteremko hatukuusikia, mlima tumeusikia. Binadamu ndivyo tulivyo.

Ila ule mlima haukumkuta kila mtu na miguu sawa. Aliyeongezewa mshahara alipanda nao. Mwanafunzi wa chuo, kibarua, dada wa kazi, walibaki chini wanaangalia juu.

HATA MAREKANI WANALIA HIVYO HIVYO

Ndugu zetu wabeba maboksi huko Marekani wanatuambia wazee wa kule nao wana wimbo huu huu: "petroli ilikuwa senti 36!" Na kweli, mwaka 1972 galoni moja (lita 3.8 hivi) ilikuwa wastani wa senti 36. Ukiibadilisha kwa mfumuko wao mpaka 2023, inakuja dola 2.60. Wastani wa 2023 ulikuwa dola 3.52. Kwa hiyo walikuwa na unafuu, ila siyo mara kumi kama mzee anavyotaka uamini.

Sasa angalia mwaka 1981: dola 1.38 kwa galoni. Inasikika rahisi? Kwa hela ya 2023 ni kama dola 4.60. Ilikuwa GHALI kuliko 2023. Na iliyokuwa rahisi kweli ni ya mwaka 1998, dola 1.06, ambayo kwa hela ya 2023 ni kama dola 2 tu. Kila nchi ina mwaka wake wa 2020, na mara nyingi siyo ule unaoimbwa.

FANYA MWENYEWE

Usinitegemee mimi. Siku mtu akikutajia bei ya zamani, fanya hivi:

1. Muulize MWAKA gani. Asipoujua, hiyo ni hadithi, kunywa chai endelea na shughuli.

2. Tafuta mfumuko wa kila mwaka toka hapo. NBS na Benki Kuu wanauweka kwenye tovuti zao.

3. Zidisha, usijumlishe. Asilimia 10 mwaka wa kwanza na asilimia 10 mwaka wa pili siyo 20, ni 21, kwa sababu ya pili inapandia juu ya ya kwanza. Yaani 1.10 × 1.10 = 1.21. Kwa miaka kumi tofauti inakuwa kubwa mno.

4. Zidisha bei ya zamani kwa jibu ulilopata. Hapo unayo bei ya zamani kwa hela ya leo.

5. Halafu fanya kipimo cha mshahara: siku moja ya kazi ilinunua lita ngapi wakati ule, na siku moja yako inanunua ngapi. Hiki ndicho hakidanganyi, kwa sababu lita haina mfumuko. Lita ni lita.

MWISHO WA SIKU

Mjomba ameshaacha taksi. Vijana wa kuita gari kwa simu walimkuta amechoka. Nilipomrudishia daftari lake nikamuuliza, mjomba, mwaka gani mafuta yalikuwa rahisi? Nilitegemea ataniambia 2020, maana namba kaziandika mwenyewe.

Akafungua kurasa, akapita zile za bei ndogo bila hata kusimama, akaweka kidole kwenye mwezi mmoja wa mwaka 2012. Petroli juu ya buku mbili, mfumuko umechachamaa, lakini safu ya mwisho, ile ya "kilichobaki", imejaa. "Huu," akasema. "Huu mwezi nilimlipia dada yako ada."

Basi wadau, safu ya kuangalia ni hiyo ya mwisho. Mtu akikuuliza petroli ilikuwa shilingi ngapi, muulize na yeye alikuwa anabaki na ngapi.

Haya, nawe una daftari, risiti au kumbukumbu ya bei ya zamani yenye MWAKA wake? Iweke hapo chini tuipigie hesabu pamoja. Matusi peleka kwingine.